Ruta Yako Nyuma ya Kisanduku cha Kampuni: Kisa cha Nyumba Moja ya Mji Mkongwe

Kisa hiki kinahusu nyumba moja ya Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, ambayo chini ina mapokezi, ghorofa ya kwanza wanakaa wenyewe, na ghorofa ya pili ina vyumba vinne vya wageni. Mwenye nyumba ameniruhusu kukieleza kwa sharti kwamba nisiitaje nyumba wala kampuni inayowauzia intaneti. Ninakieleza kwa urefu kwa sababu ndani ya nyumba hiyo moja nilikutana na karibu kila tatizo linaloweza kumpata mtu aliyenunua ruta yake mwenyewe, yaani kifaa cha kugawa intaneti ndani ya nyumba, na kuifunga nyuma ya kisanduku alicholetewa na kampuni, ambacho nacho ni ruta, na kwa sababu maelezo waliyokuwa wakipewa na kila waliyemuuliza, kwamba ruta mbili hazikai nyumba moja, hayakuwa kweli.

Nyumba yenyewe ina sehemu yake katika kisa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa chini una unene unaozidi nusu mita. Vyumba ni vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, na vimepangwa kuuzunguka ua, kiasi kwamba mawimbi ya waifai yanayotoka chumba kimoja hayana budi kupenya ukuta baada ya ukuta. Yale ya 5 GHz, ambayo ndiyo yenye kasi, huishia ukuta wa kwanza au wa pili, ya 2.4 GHz husogea mbele kidogo. Kutoboa ovyo nako hakuwezekani, kwani Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na nyumba zake zina masharti ya uhifadhi. Fundi wa kampuni alipoleta faiba aliipitisha katika tundu la zamani la waya wa simu, pembeni mwa mlango mkubwa, akakifunga kisanduku humo humo ndani ya daka. Simlaumu kwa hilo. Lakini kuanzia siku hiyo wageni wa juu hawakuwa na mtandao wa maana, na ndiyo sababu kijana wa nyumba, ambaye anafanya kazi Chake Chake, kisiwani Pemba, na huja Unguja mara moja moja, alinunua ruta katika soko la Darajani na kuiweka ghorofa ya pili, akateremsha waya kupitia uani, kando ya bomba la maji ya mvua, hadi kwenye kisanduku.

Nilipoitwa, ruta hiyo ilikuwa na miezi minne. Mama mwenye nyumba alinipokea mwenyewe, na baada ya kuamkiana alinieleza shida yake kwa maneno ambayo niliyaandika kama alivyoyasema: "Mwanangu, alama ya waifai tunaiona imejaa tele, lakini hakuna kinachofunguka. Umeme ukikatika tu, ukirudi, basi nyumba nzima imelala, juu na chini. Nikimwambia mtoto aichomoe ile ya juu, tukakaa kidogo, tukairudisha, inakuja. Kesho yake ni yale yale." Aliongeza kwamba printa ya mapokezi siku nyingine huonekana na siku nyingine hupotea, na kwamba kamera mbili za ulinzi, moja ya mlangoni na moja ya uani, hazijawahi hata siku moja kuonekana kutoka Pemba ingawa ndizo zilizomfanya kijana wake anunue ruta nzuri. Alipopiga simu kwa kampuni aliambiwa aiondoe ruta yake. Kwa hiyo alikuwa ameshaanza kuamini kwamba kampuni inamkomoa kwa kukizuia kifaa kisicho chao.

Nitamke mapema kwamba ushauri wa kampuni ulikuwa na ukweli nusu, kwa sababu ruta ile kweli ndiyo iliyokuwa ikiuangusha mtandao wa nyumba nzima. Ila kuiondoa kungemrudisha mama kwenye nyumba isiyo na mtandao juu, na kungeiacha sababu yenyewe bila kujulikana.

Nilianza kwa kupima. Kifurushi chao ni cha megabiti 20 kwa sekunde (Mbps). Nikiwa na laptopu iliyounganishwa kwa waya moja kwa moja kwenye kisanduku, ruta ya juu ikiwa imezimwa, nilipata kati ya 18 na 19. Nikiwa ghorofa ya pili kwa waifai ya kisanduku peke yake, nilipata chini ya 1, na mara nyingi hata ukurasa wa kupimia haukufunguka. Vipimo hivyo viwili vilitosha kunionyesha kwamba faiba ni nzima na kwamba kijana hakukosea alipoamua kwamba nyumba inahitaji kifaa cha pili. Kisha niliwasha ruta ya juu, nikajiunga nayo, nikatazama laptopu imepewa anwani gani, yaani namba ya kukitambulisha kifaa katika mtandao. Ilikuwa imepewa 192.168.1.7, na lango la kutokea, yaani kifaa kinachoupitisha ujumbe kwenda nje ya nyumba, lilikuwa 192.168.1.1. Nikashuka, nikajiunga na waifai ya kisanduku, na lango likawa lile lile, 192.168.1.1.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa, na ninamwomba msomaji avumilie maelezo. Anwani zinazoanza na 192.168 ni za matumizi ya ndani; ziliwekwa rasmi mwaka 1996, pamoja na zile zinazoanza na 10 na zile za kutoka 172.16 hadi 172.31, ili kila nyumba na kila ofisi iweze kuzitumia bila kumuuliza mtu, mradi zisitoke nje. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi wa ruta huzitoa kiwandani zikiwa na anwani ile ile, na 192.168.1.1 ni mojawapo ya zinazopendwa sana. Kisanduku cha kampuni kilikuwa nayo, na ruta ya Darajani ilikuwa nayo. Kila kimoja kilijiona ndicho lango la nyumba.

Kuona anwani zinafanana hakukutosha kuwa ushahidi, kwa hiyo nilitafuta ushahidi wa pili. Kila kifaa cha mtandao kina namba yake ya kiwandani, jozi sita za tarakimu na herufi, ambayo huandikwa kwenye kibandiko cha chini ya kifaa. Laptopu inapotaka kutoka nje huuliza kwanza, kwa sauti inayowafikia wote, ni nani mwenye anwani ya lango. Anayejibu hutoa namba yake ya kiwandani, na laptopu huihifadhi. Amri ya arp -a, inayoandikwa kwenye laptopu, huonyesha namba iliyohifadhiwa. Niliandika namba za vibandiko vyote viwili kwenye karatasi, nikaomba ruhusa ya kuzima swichi kuu ya umeme kama ambavyo umeme ungekatika wenyewe, nikaiwasha tena. Ruta iliamka kabla ya dakika moja kwisha. Kisanduku, ambacho kinalazimika kwanza kujitambulisha kwa mitambo ya kampuni kupitia faiba, kilichukua zaidi ya dakika mbili. Laptopu ilipouliza lango ni nani, aliyejibu alikuwa ni ruta, na mtandao haukufunguka. Nilipoichomoa ruta na kusubiri, namba iliyohifadhiwa ikabadilika kuwa ya kisanduku, na kurasa zikafunguka. Nilirudia jaribio mara tatu, na mara zote tatu matokeo yalikuwa yale yale.

Lakini kwa nini ruta, ikiwa imejibu kwamba yeye ndiye lango, isiupeleke ujumbe mbele hadi kwenye kisanduku? Jibu lilikuwa nyuma yake. Ruta ya aina hii ina matundu matano ya waya: moja limeandikwa WAN, na rangi yake ni tofauti, nalo ndilo la kupokelea intaneti kutoka nje, manne yaliyobaki ni ya vifaa vya ndani. Waya kutoka kwenye kisanduku ulikuwa umechomekwa katika moja ya yale manne. Tundu la nje lilikuwa tupu, na kwa hiyo ruta ilikuwa ikiwakaribisha watu mlangoni huku nyuma yake hakuna njia.

Nilimpigia kijana Chake Chake nikiwa nimesimama mbele ya ruta. Hakunificha kitu, na namshukuru kwa hilo, kwani mafundi tunapoteza siku nyingi kwa sababu watu huona haya kueleza walichokifanya. Alisema: "Kaka, mwanzo niliutia tundu la WAN kama kitabu kilivyosema. Hakikufunguka chochote, hata mara moja. Nikapiga simu kwa rafiki yangu, akaniambia jaribu tundu la pili. Nikautia, ikafunguka. Nikasema basi, Alhamdulillahi, nikapanda boti."

Maelezo hayo yalifunga mnyororo. Alipoutia waya katika tundu la WAN, ruta ilipewa na kisanduku anwani ya nje ya 192.168.1.3 na kuambiwa kwamba lango lako ni 192.168.1.1. Lakini 192.168.1.1 ilikuwa anwani yake yenyewe, upande wa ndani. Ruta haiwezi kupeleka ujumbe nje wakati inaamini kwamba nje na ndani ni mtandao mmoja, na kwamba mlango wa jirani ni mlango wake. Zipo ruta ambazo hugundua mgongano huo na kujibadilisha anwani zenyewe. Hii haikuwa miongoni mwao. Alipouhamishia waya tundu la ndani, ruta iliacha kuwa ruta na ikawa kama swichi, yaani kifaa cha kuunganisha nyaya tu, yenye antena, jambo ambalo lingekuwa jema kabisa kama isingeendelea kugawa anwani na kudai kuwa lango. Tangu hapo nyumba ilikuwa na wagawaji wawili wa anwani wanaogawa kutoka fungu moja, kila mmoja bila kumjua mwenzake, na ndiyo maana siku nyingine printa na simu ya mgeni vilipewa anwani moja na printa ikapotea. Kosa la msingi la kijana lilikuwa kutobadilisha namba moja, na kosa hilo kitabu cha ruta hakikumwonya juu yake.

Kulikuwa na njia mbili za halali za kulitengeneza. Ya kwanza ni kuufanya waya ule uliokuwa katika tundu "lisilo lake" kuwa sahihi: kuzima ugawaji wa anwani kwenye ruta, kuipa anwani isiyogongana na kisanduku, kwa mfano 192.168.1.2, na kuiacha ifanye kazi ya kurusha waifai tu. Nyumba nzima inakuwa mtandao mmoja na lango ni kisanduku peke yake. Kwa familia inayotaka tu waifai ifike juu, hii ndiyo njia ninayoipendekeza, na mara nyingi ni kazi ya dakika kumi. Njia ya pili ni kuurudisha waya katika tundu la WAN na kuibadilisha ruta anwani ya ndani iwe mbali na ya kisanduku, tuseme 192.168.50.1. Hapo panakuwa na mitandao miwili, mmoja ndani ya mwingine, na kila ujumbe unaotoka juu hubadilishwa anwani mara mbili kabla ya kufika kwenye faiba.

Kubadilishwa mara mbili huko ndiko kunakowatisha watu, na ndiko kulikozaa ule usemi kwamba ruta mbili hazikai nyumba moja. Niliupanga mtandao wa nyumba kwa njia ya pili kwa muda, nikapima. Kwa waya kutoka nyuma ya ruta nilipata 18 na kitu, sawa na kwenye kisanduku. Simu za WhatsApp zilipita, video zilipita, na malipo ya simu yalipita, kwa sababu mambo hayo yote huanzishwa kutoka ndani, na kila kifaa cha njiani hukumbuka nani aliuliza ili jibu lirudi kwake. Kinachoathirika ni kile kinachotaka kuanzishwa kutoka nje kuja ndani, pamoja na baadhi ya michezo inayowaunganisha wachezaji moja kwa moja. Kwa familia nyingi hasara hiyo haionekani kabisa.

Tatizo la kweli la njia ya pili katika nyumba hii lilikuwa jingine, na mimi mwenyewe lilinichukua siku nzima ya kufikiri kabla ya kulipanga sawasawa. Kijana alitaka wageni watengwe na kompyuta ya mapokezi, ambayo ina majina ya wageni, namba za pasipoti na hesabu za nyumba. Aliona kwamba ruta ikiwa juu na wageni wakiwa nyuma yake, basi wametengwa. Ukweli ni kinyume chake. Madirisha ya kale ya mji huu yana mbao zilizochongwa zenye matundu madogo, na aliyekaa ndani humwona apitaye barabarani, ilhali apitaye barabarani hamwoni aliye ndani. Ruta iliyo nyuma ya ruta nyingine ndivyo ilivyo: aliye mtandao wa ndani huweza kuvifikia vifaa vya mtandao wa nje, na wa nje hawezi kumfikia wa ndani. Kwa hiyo wageni wakiwekwa nyuma ya ruta, wao ndio waliokaa dirishani, na kompyuta ya mapokezi ndiyo iliyo barabarani. Nililithibitisha hilo mbele ya mama: nikiwa juu, katika mtandao uliodhaniwa umetengwa, niliandika anwani ya printa ya mapokezi kwenye laptopu, na ukurasa wa mipangilio ya printa ukafunguka bila kuuliza neno la siri.

Ninalisisitiza kwa sababu nimeliona katika nyumba nyingine za wageni, na watu wa nyumba hizo hulala wakiamini kwamba wamejilinda. Mtu anayetaka kutumia ruta mbili kwa ajili ya usalama ajiulize kwanza nani anakaa ndani. Na anayepaswa kukaa ndani ni mwenye nyumba na vitu vyake.

Kwa hiyo tulizibadilishana nafasi. Ruta ya kijana tuliishusha ghorofa ya kwanza, kichwani mwa ngazi, ikapokea waya mfupi kutoka kwenye kisanduku katika tundu lake la WAN, na anwani yake ya ndani ikawa 192.168.50.1. Nyuma yake tukaweka kompyuta ya mapokezi na printa kwa waya unaoteremka kwa njia ile ile ya ngazi, kinasa cha kamera, na simu za watu wa nyumbani. Mama alikuwa na ruta ya zamani kabatini, ya kampuni waliyokuwa nayo kabla, na hiyo ndiyo tuliyoipandisha juu kwa wageni, ikitumia waya ule ule wa uani: ugawaji wa anwani tukauzima, ikapewa anwani 192.168.1.2, na waya ukachomekwa katika tundu la ndani. Msomaji ataona kwamba tundu lililokuwa chanzo cha balaa miezi minne ndilo sasa lililo sahihi, kwa kuwa kifaa chenyewe kimeacha kudai kuwa lango. Tuliwasha pia mpangilio unaowazuia wageni wasionane wao kwa wao, na tukabadilisha neno la siri la mipangilio ya kisanduku, kwa sababu wageni sasa wako katika mtandao wake na wanaweza kuufikia ukurasa wake. Mawimbi ya 2.4 GHz tuliyapanga katika chaneli 1, 6 na 11, ambazo ndizo zisizoingiliana, kila kifaa na yake.

Zilibaki kamera. Kijana alitaka kuziona kutoka Chake Chake, na alikuwa amesoma kwamba anachotakiwa kufanya ni kufungua poti, yaani mlango wenye namba maalumu wa kuingilia kutoka nje, kwenye ruta yake. Katika nyumba yenye ruta mbili kufungua poti kwenye moja hakutoshi, kwa kuwa mgonga hodi hufika kwanza kwenye kisanduku, na kisanduku hakijui ampeleke wapi. Nilikielekeza kisanduku kipeleke kila hodi kwenye ruta ya nyumbani, nikaifungia ruta, humo humo kisandukuni, anwani yake ya nje isibadilike, nikafungua poti ndani. Kijana akajaribu kutoka Pemba. Hakuna kilichofika. Ndipo nilipofungua ukurasa wa hali ya kisanduku na kutazama anwani ambayo kisanduku chenyewe kimepewa na kampuni, na nikakuta inaanza na 100.72.

Anwani kutoka 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi moja maalumu: kuziwezesha kampuni za intaneti kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadharani. Anwani za toleo la nne za intaneti ni bilioni 4.3 hivi kwa dunia nzima, nazo zimekwisha kugawiwa karibu zote, kwa hiyo kampuni nyingi hazina namna nyingine. Maana yake kwa mama wa Mkunazini ni kwamba hata kabla ya kijana wake kununua ruta, nyumba ilikuwa tayari iko nyuma ya lango jingine lililo katika mitambo ya kampuni, ambalo yeye hana ufunguo wake. Kwa mpangilio wetu mpya ujumbe wake ulikuwa ukibadilishwa anwani mara tatu, na hakuna mpangilio wowote wa nyumbani ungeweza kuifungulia njia hodi inayotoka Chake Chake.

Hili pia lilijibu swali ambalo mama aliulizwa na jamaa zake, kwamba kwa nini asiombe kisanduku cha kampuni kiwekwe katika hali ya daraja, yaani kiache kuwa ruta na kibaki kupitisha faiba tu, ili ruta ya nyumbani iwe ndiyo lango pekee. Mimi ni mpenzi wa hali hiyo pale inapopatikana, maana inaondoa tabaka moja zima. Niliiomba kwa kampuni kwa niaba yake, na jibu likawa kwamba kwa wateja wa majumbani hawaifungui. Nchi nyingine zimelitatua jambo hili kwa sheria; Ujerumani, kwa mfano, tangu tarehe 1 Agosti 2016 mteja ana haki ya kutumia kifaa chake mwenyewe badala ya kile cha kampuni. Naona ni haki ya msingi, kwa sababu mtandao wa ndani ya nyumba ni mali ya mwenye nyumba. Hata hivyo, katika kisa hiki hali ya daraja isingeziokoa kamera: ruta ya nyumbani ingeipokea ile ile anwani ya 100.72, na lango la kampuni lingebaki palepale. Anwani ya hadharani iliwezekana kununuliwa kwa malipo ya kila mwezi, katika kifurushi cha ofisi ambacho mama hakukihitaji kwa jambo jingine lolote.

Tulichagua njia inayoanzia ndani. Kinasa chao kina huduma ya kujiunga chenyewe na seva ya mtengenezaji, na kijana anapofungua programu kwenye simu yake hukutana nacho huko huko nje. Kwa kuwa kinasa ndicho kinachoanzisha, malango yote matatu huruhusu. Sikuipokea njia hii bila masharti, kwani picha za nyumba ya watu zinapita mikononi mwa kampuni ya mbali. Nilitaka kamera zibaki zile mbili za mlangoni na uani, pasiwe na kamera karibu na vyumba wala mahali wageni wanapopumzika, na neno la siri la kiwandani libadilishwe siku hiyo hiyo. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka idadi kubwa ya kamera na vinasa duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya maneno ya siri ya kiwandani, na vifaa hivyo vikatumiwa mwezi Oktoba wa mwaka huo kuziangusha tovuti kubwa. Zile poti nilizokuwa nimezifungua nilizifunga zote, na kile kipengele cha kupeleka kila hodi kwenye ruta nikakiondoa, kwa kuwa njia isiyotumika haina sababu ya kuachwa wazi.

Jaribio la mwisho lilikuwa la umeme. Tulizima swichi kuu mara tatu katika siku tatu tofauti, mara moja bila mimi kuwepo. Ruta ya nyumbani bado huamka mapema kuliko kisanduku, lakini sasa haina anwani ya kugombania. Husubiri, ikapewa anwani kisanduku kinapokuwa tayari, na watu wa ghorofa ya kwanza huendelea bila kugusa kitu. Wageni wa juu hupata anwani kutoka kwa mgawaji mmoja tu. Printa haijapotea tena. Juu, kwenye chumba cha mwisho, nilipata 15 na 16, na mama aliponiuliza kama hiyo ndiyo kasi yote waliyokuwa wakiilipia tangu mwanzo, nilimjibu kwamba ndiyo, Bi Mkubwa, ilikuwa ikiishia darini kwa wenyeji.

Karatasi moja niliibandika ndani ya mlango wa kabati lililo juu ya kisanduku, ikieleza waya upi unakwenda wapi na kila kifaa kina anwani gani. Kiasi cha miezi miwili baadaye kampuni ilikuja kubadilisha kisanduku, na kipya kilikuja na mtandao mwingine kabisa, 192.168.100. Mama alimpa fundi ile karatasi, fundi akazirudisha nyaya mbili katika matundu kama ilivyoandikwa. Ruta ya nyumbani ilipokea anwani mpya ya nje yenyewe, na kompyuta ya mapokezi haikujua kwamba kuna kilichobadilika. Ya wageni iliendelea kurusha waifai, kwa kuwa anwani yake ya 192.168.1.2 ilikuwa ya kuifungulia mipangilio tu. Nilipita wiki iliyofuata nikaibadilisha kuwa 192.168.100.2, na kwenye karatasi mama mwenyewe akaikata ile ya zamani kwa kalamu nyekundu na kuandika mpya juu yake.